Wakili Aliyewaendea Nyumbani

Mzee Wakili,

Ni mimi Zainabu, taipisti wako wa ofisi ya pale Iringo, Musoma. Naandika kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Wamepigana tena, Mzee. Zile koo mbili za upande wa Butiama ulizozipatanisha. Nyumba zimechomwa, na Wambura, aliyesimama shahidi wa mapatano yako, ameuawa.

Bado naiona siku iliyokutoa kwenye uwakili. Ulikuwa umeshinda kesi ya kijana wa ukoo mmoja aliyeshtakiwa kwa wizi wa ng'ombe, na wiki haijaisha wale wa ukoo wa pili wakamlipizia kisasi, wakamuua kwa mishale. Mama yake akaja ofisini. Hakulia. Alisema, "Mahakamani ulishinda, mwanangu. Sasa njoo utushindie nyumbani."

Ukaenda. Ulikuwaga unalala kwa hawa leo, kesho kwa wale, mpaka mjini wakasema umerukwa na akili. Wateja wakaisha. Mkeo akarudi kwao Nyegina. Koo zile zilipokubali hatimaye kupatana, utepe wa taipureta haukupatikana Musoma nzima. Nilipiga yale mapatano kwa utepe uliochoka, kisha nikapitisha kalamu juu ya kila herufi.

Vyama vingi vilipoingia nilikuomba usigombee. Ukasema amani isiyo na mtu bungeni haina mtetezi. Nikarudi kwenye taipureta yangu. Laiti ningesema tena, Mzee. Ningesema hata mara kumi.

Maana wapinzani wako waliwaambia hawa umenunuliwa na wale, na wale umenunuliwa na hawa, na wote wakaamini. Kule Butiama, kwenye mkutano wako wa kampeni, hawakukuzomea. Waliinuka mmoja mmoja wakaondoka, wewe unahutubia. Njiani kurudi ulisema neno moja tu: "Bora wangenipiga." Baada ya kura kukuangusha hukuwa mtu tena, mpaka tukakuzika. Daktari alisema presha. Mimi najua kilichokuua.

Juzi nilikwenda kumzika Wambura. Mjane wake akanivuta pembeni, akaniuliza ulikuwa unaanzaje kuzungumza na koo zile. Miaka yote ile nilikuwa napiga taipu ulichokileta, ulivyokipata sikuuliza.

Sioni mwanga, Mzee, nisikudanganye. Pumzika, Mungu akurehemu. Amani siwezi kukuahidi. Nakuahidi kwamba Jumamosi nitapanda gari nirudi kwa yule mjane, nikae naye, hata kama sitakuwa na la kusema.

Zainabu