Niliomba Ruhusa kwa Baba, Wajomba Wakaondoa Watoto

Mama mshauri, shikamoo. Nisaidie, na tafadhali usicheke mpaka ufike mwisho, maana hapa Kihonda mimi ndiye ninayewacheka wenzangu, kuchekwa sijazoea. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, sura ninayo, mdomo ninao, shule ndiyo iliyonipita kidogo, kidato cha nne nilipata divisheni foo, lakini tangu mambo ya soko huria yaingie, baba akapunguzwa kiwandani na vyuo vya binafsi vikafunguliwa kila kona, nami nikapata nafasi katika kimoja kilichoko kwenye ghala la zamani la magunia, nasomea ualimu wa chekechea, wanaume darasani tuko wawili, mwenzangu anasinzia, kwa hiyo mwanaume ni mimi.

Sasa ili umalize lazima ufanye utafiti, nikapangiwa kijiji kimoja milimani, upande wa Kinole, nikaangalie watoto wa chekechea wanavyocheza, nikasema hii kazi ya kulala. Thubutu! Madam Martina, mwalimu wetu wa utafiti, anataka ukae pembeni, usiongoze mchezo, usifundishe, uandike ulichoona na si ulichotamani kuona, na kuniambia mimi Yunusi ninyamaze ni sawa na kumwambia jogoo asiwike. Siku ya kwanza watoto walikuwa wanajenga nyumba kwa magome ya migomba, wanaegesha hovyo, roho ikaniuma, nikaingia kati nikawajengea ghorofa. Madam aliposoma nilichoandika akasema, "Yunusi, hapa umechunguza mchezo wako mwenyewe. Kaanze upya."

Nikaanza upya, nikanyamaza, na mama mshauri, ukinyamaza unaona vitu ambavyo hukujua vipo, unaona mtoto asiyecheza mpaka mdogo wake apate nafasi, unaona wawili wanagombana na kupatana bila mkubwa kutia neno, nikadhani wamenisahau kabisa, kumbe asubuhi moja katoto kanaitwa Shukuru kamekaa juu ya jiwe, kameshika jani la mgomba na kijiti, kanaandika, wenzake wakakaita kakale ugali wa udongo, kakajibu, "Mimi ni mwalimu wa kuangalia. Endeleeni, sipo." Mwalimu wao, anaitwa Zuhura, alicheka mpaka akashika mlango. Akaniambia, "Kaka Yunusi, umeshapata mrithi." Mimi nimechekesha wasichana wengi Morogoro hii, nisikudanganye, lakini kicheko kile sijui kilipita wapi, kimeingia na hakitoki.

Balaa likaja nilipotakiwa kuwafuata watoto nyumbani kwao kwa ruhusa ya wazazi. Baba yangu alitoka Kigoma kuja kiwandani hapa, na kwetu mtoto ni wa baba, basi nikawafuata akina baba pale dukani wanapocheza bao, nikawaita wazee wangu, wote wakakubali, mmoja akasema, "Watazame tu kijana, mtoto hapungui kwa kutazamwa." Kesho yake nafika darasani hakuna hata mtoto mmoja, yupo Zuhura na ufagio, na nyuma yake Mzee Stambuli, ambaye ni mjomba wake yeye na mjomba wa nusu ya darasa.

"Nani kakuruhusu kuwafuata wapwa zangu majumbani?"

"Baba zao, mzee. Shikamoo."

"Shikamoo inatangulia, haifuati. Hao baba zao wamekuja kuoa hapa. Watoto ni wa upande wa mama. Wewe umemwomba mgeni ruhusa ya kuingia chumbani kwangu."

Mzee akageuka kuondoka, akasema, "Nyumba yangu ni ile ya bati, chini ya msikiti." Zuhura alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyemwaga uji.

Nikashuka. Sasa niko mjini, kila nikitoka nje naiona milima ile imejifunika ukungu, najua saa hizi watoto wameshapanga mstari, najua Zuhura ameshawaimbisha, na mimi niko huku nasikia redio za jirani. Washikaji wanasema, "Pika majibu bwana, nani atapanda kule kukagua?" Kupika naweza, kichwa changu chepesi, lakini nikiandika watoto wote wanakuwa na adabu na Shukuru anaongea kama Madam, halafu nikishamaliza kwa kupika, nitapanda tena kule kwa sababu gani? Je, nipike nimalize, au nirudi nikachekwe? Na nikirudi, si bora nimwombe Mzee Stambuli watoto pamoja na Zuhura siku hiyohiyo, aibu iwe moja?

Mimi kijana mtanashati,
Yunusi, Kihonda.

JIBU

Marahaba, Yunusi. Nimecheka, na nimecheka kabla ya mwisho. Usinifundishe kusoma barua.

Pole kwa hamu hiyo. Naijua, inachosha kuliko kulima. Ila mwanangu, una haraka ya ajabu. Kupika acha leo hii. Umekiri kwa mkono wako kwamba watoto wa kwenye karatasi zako si wale uliowaacha milimani. Ukiwa mwalimu utafundisha watoto gani, hao wa kutunga?

Halafu, Mzee Stambuli hakukufukuza. Anayekufukuza hakuelekezi kwake. Alikuonyesha mlango wa kuanzia, wewe ukakimbilia mjini na aibu yako. Nenda kwanza kwa Madam Martina umweleze ulivyokosea, tena uliandike kosa hilo ndani ya utafiti, kwa sababu kujua nani ana kauli juu ya mtoto ni sehemu ya kumjua mtoto. Kisha panda na mtu mzima wa kijiji anayeheshimika. Salimu, kaa, ngoja uulizwe. Eleza utakachotazama na usichotaka kutazama, na akina mama wawepo wasikie. Wakikataa ya nyumbani, omba watoto warudi darasani, ubaki na ya darasani. Hiyo nayo ni kazi halali.

Sasa hili la Zuhura. Ole wako uombe watoto na mpwa siku moja! Mzee ataona watoto ulikuwa unawatumia kama ngazi, na atakuwa na haki. Na binti aliyekufungulia darasa lake hawezi kukukatalia kwa uhuru wakati umekaa humo na kalamu. Maliza kazi kwanza. Nimeirudia barua yako nikitafuta mahali ulipomuuliza yeye anataka nini, sikupaona. Akina baba uliwauliza, mjomba unataka kumuuliza, hata mimi wa gazetini umeniuliza. Kicheko si jibu, kijana. Huenda ana mtu wake, huenda hana. Hujui, na mimi sijui.

Kazi ikiisha, muulize kwa adabu. Akisema hapana, utaumia na utapona. Akikubali, tafuta mshenga, tena mtu mzima asiyependa kusema kama wewe.

Lakini safari ya sasa ni ya watoto tu. Panda wiki hii, kabla masika hayajaharibu njia. Mwakani Shukuru yuko darasa la kwanza, na ule mchezo wa juu ya jiwe hautauona tena, si wewe wala mtu mwingine.