Tanzia ya Bi Dawlat

Karmouz, Aleksandria
Mwanzoni mwa mwezi wa Rajabu

Kwa kaka yangu mpenzi Bahgat, na kwenu ninyi wawili wa Mduara wetu wa Kusoma mliopangwa naye hema moja katika jeshi la lazima. Wapiganaji wenzangu wa kalamu na hoja, pokeeni salamu za umoja zisizochujuka kwa jua la jangwani.

Ama baada ya salamu, natumai barua hii itawakuta mkiwa wazima, miguu yenu imekwisha kuzoea buti na matumbo yenu yamekwisha kuzoea dengu. Sisi huku hatujambo. Shangazi Inshirah hajambo isipokuwa magoti, na magoti yenyewe humuuma pale tu anapoombwa kushuka ngazi kwenda kununua mkate. Barua yenu ya rambirambi ilifika Jumatatu. Nawashukuru kwa kisomo mlichomfanyia Bi Dawlat, jirani yetu wa ghorofa ya tatu. Naye pia anawashukuru. Ameisoma barua hiyo mwenyewe, mara mbili, kwa miwani ya Shangazi, na amenituma niwaambie kwamba yu hai, kwamba amefurahi kusikia mlilia, na kwamba angependa kujua ni nani kati yenu aliyelia zaidi.

Mtadai maelezo. Mnayo haki ya kuyadai, na mimi ninao wajibu wa kuyatoa.

Kaka, unakijua kikao cha Alhamisi cha Shangazi, kile nilichokuwa nikikiita kiwanda cha usingizi wa umma. Wanawake wa jengo zima hupanda paani, wakaketi kati ya kamba za nguo na vibanda vya njiwa, wakatafuna mbegu za tikiti, na Shangazi akawasomea ukurasa wa uhalifu na baada yake ukurasa wa mastaa. Alhamisi ninayoisimulia, habari kubwa ilikuwa ya mwizi wa Tanta aliyeingia nyumba ya watu, akala sufuria nzima ya kabichi iliyojazwa wali, kisha akaosha vyombo. Mke aliporudi alipiga mayowe kabla hata hajaliona kabati lililovunjwa, kwa kuwa tangu aolewe hajapata kukuta sahani safi ambayo hakuiosha yeye. Mama Lutfi wa ghorofa ya chini akauliza kama huyo mwizi ameoa, maana yeye anaye binti. Shangazi akamwambia bwana mwenyewe amefungwa miaka mitatu. Mama Lutfi akasema si mingi hiyo, shoga, binti hata mapazia hajamaliza kushona.

Katika mambo ya mauaji, neno la mwisho hapo ni la Bi Dawlat. Mnajua kwamba ujana wake aliumalizia kwenye sinema, na kwamba hakuna mume aliyeoana naye kwenye kioo akafika mwisho wa picha. Ikisomwa habari ya mke aliyemtilia mumewe sumu, wote humgeukia yeye. Husikiliza akiwa amefumba macho, kisha hutoa hukumu: huyu hakufunzwa, nani anatia sumu kwenye chakula cha wageni, hajui mgeni hunawa na kula kabla ya mume?

Siwafichi kwamba nilipambana. Alhamisi moja nilisimama kando ya tangi la maji nikawauliza wanawake wale hadi lini watalishwa damu za wengine na talaka za wengine, ilhali maji ya bomba hayafiki ghorofa ya pili na maktaba ya chuo hufungwa kabla jua halijazama. Nilisema kwa urefu, na nadhani nilisema vizuri. Mama Lutfi alinivumilia hadi mwisho, akatema ganda la mbegu, akaniuliza kwa upole, “Maneno matamu, mwanangu. Lakini humo ndani kauawa nani?”

Basi, Alhamisi ile ya mwizi wa Tanta, Bi Dawlat alichelewa, na alipokuja alikuwa hakujipaka wanja. Jambo hilo pekee lilimtosha Shangazi kulikunja gazeti. Akaeleza kwamba Ustadh Fikri, yule mtayarishaji wa tamthilia za Ramadhani, alikuwa anatafuta mwanamke wa makamo ya juu acheze nyanya wa familia tajiri yenye siri. Mtu mmoja akamtajia jina la Bi Dawlat. Ustadh akainamisha kichwa, akasema Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke mzuri sana. Hakusema kwa ubaya, alieleza Bi Dawlat. Na hilo ndilo lililomchoma. Angemtukana, angejua kwamba bado anakumbukwa. “Kumbe nimekufa,” akasema, “na ninyi majirani mmekaa kimya, hata mtu wa kunipa habari sina.” Alijaribu kucheka. Kisha akatuambia, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba kazi hiyo anaitaka kuliko alivyowahi kutaka mume yeyote, wa kioo au wa nikahi, kwa sababu macho yake yanaanza ukungu na hatapata nyingine.

Shangazi akashauri aandike gazetini kwamba yu hai. Hapo ndipo tulipogonga mwamba. Gazeti gani litachapisha kwamba mtu fulani hajafa? Mama Lutfi, ambaye hajui kusoma lakini hukumbuka kila kichwa cha habari alichowahi kusomewa, akatukumbusha kwamba mastaa wenyewe huzushiwa kifo kila msimu, na kila wakizushiwa hukanusha, na kila wakikanusha picha yao hutoka kubwa kuliko ya waziri; tena husemwa kwamba anayezushiwa kifo huongezewa umri. “Mimi hata kuzushiwa sijazushiwa,” akasema Bi Dawlat. Na huo, wapiganaji wenzangu, ndio ukweli mchungu wa jambo lote: huwezi kukanusha uvumi ambao haujavuma.

Mbegu zilikoma kutafunwa. Basi tuuvumishe wenyewe, akasema Shangazi. Mama Lutfi peke yake alionya kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Bi Dawlat akamjibu kwamba kwa umri wake laja tu, lisemwe lisisemwe.

Tanzia ikaandikwa palepale paani. Shangazi, ambaye magoti yake siku hiyo yalipona ghafla, aliipeleka kwa mwandishi wa gazeti la jioni, na mwandishi hakuuliza lolote ila kama kuna picha. Mpango ulikuwa mwepesi: gazeti litoke, Bi Dawlat ashuke kwenye duka la dawa, ambako ndiko iliko simu ya mtaa, akanushe kifo chake kwa hasira inayostahili, na gazeti la kesho yake liombe radhi kwa picha kubwa. Gazeti lilitoka. Bi Dawlat alijipamba, akashuka. Duka la dawa lilikuwa limefungwa. Mwenye duka alikuwa amesoma tanzia, akalia, akafunga duka kwa heshima ya marehemu, na akabandika karatasi mlangoni inayosema hivyo.

Kabla hatujapata simu nyingine, mtaa ulikuwa umeshaanza msiba. Mnaujua mtaa wetu: hauna umoja katika jambo lolote isipokuwa kupika na kuzika. Turubai lilifungwa, viti vikapangwa, kahawa chungu ikaanza kuzunguka. Tulimrudisha Bi Dawlat ndani kwa ngazi za nyuma, akakaa nyuma ya dirisha la mbao lililoegeshwa, Shangazi akiwa kushoto na mimi kulia, akasikiliza matanga yake. Muuza nyama alipokatika sauti akisema kwamba hajapata mteja muungwana kama yule, Bi Dawlat alininong'oneza, “Mwongo huyo. Kilo yake nusu mifupa.” Lakini alikuwa amenishika mkono, na hakuuachia. Msomaji wa Kurani alipofika na kutaka kuanza, Shangazi alishuka akamwomba anywe kahawa kwanza, kwa kuwa mambo ya marehemu bado hayajakamilika.

Ndipo alipoingia Ustadh Fikri, miwani myeusi usoni, waandishi wawili nyuma yake. Bi Dawlat akasogea karibu zaidi na dirisha. Ustadh akigundua hila yetu, angeweza kukasirika, angeweza kutucheka, angeweza kuondoka na ile kazi mfukoni. Alikaa, akapokea kikombe, na kama ilivyo desturi ya watu msibani, akaanza kusifu. Akasema tasnia imepoteza nguzo. Akasema, kwa sauti ya kuwafikia waandishi, kwamba ile nafasi ya nyanya katika tamthilia yake aliiweka kwa ajili ya Dawlat na si mwingine, na kwamba wiki hii hii alikuwa amekusudia kumpigia simu.

Dirisha likafunguka. Bi Dawlat akainama nje, wanja umekaa sawasawa, akasema kwa sauti ile ya sinema, “Nimesikia, ustadh. Na mashahidi ni mtaa mzima.”

Sitaeleza yote yaliyofuata. Kikombe kimoja kilivunjika. Msomaji alisema hakuna hila wala nguvu ila kwa Mungu, akaomba sukari, maana kahawa chungu ni ya msiba. Mama Lutfi alipiga vigelegele. Ustadh Fikri alivua miwani, akamtazama, kisha akacheka hadi akalazimika kukaa tena. Na mkataba ulianza kujadiliwa hapohapo kati ya dirisha na turubai. Yeye alisema nyanya huuawa katika sehemu ya kwanza. Bi Dawlat akasema mwezi huu amekwisha kufa mara moja bila malipo, hafi tena kabla ya sehemu ya kumi na tano. Walikubaliana sehemu ya kumi na mbili. Muuza nyama ndiye aliyesuluhisha.

Sasa nimefika mahali ambapo kalamu inasita. Katika barua yenu mmeandika kwamba hamkumlilia Bi Dawlat tu, bali mliyalilia maneno: “Ameondoka aliyewaua waume wote wa sinema bila kumdhuru nzi, na nchi iliyomkodolea macho haikukumbuka kumwambia ahsante.” Mmeandika kwamba mmeikata tanzia ile mkaibandika kwenye nguzo ya hema, na kwamba aliyeiandika, awaye yote, atafutwe aingizwe kwenye Mduara, kwa kuwa anaandika kama mtu anayewapenda watu, si kama vipeperushi vyetu vinavyowakaripia. Kaka, vipeperushi vile ni vyangu. Na tanzia ile ni yangu. Niliiandika nimeegemea tangi la maji, kwa pumzi moja, na sikuhitaji kumuuliza mtu kitu kuhusu Bi Dawlat, kwa sababu tangu mlipoondoka sijakosa Alhamisi hata moja. Sipandi tena kupinga. Napanda mapema ili nipate kiti karibu na Shangazi anaposoma.

Mkitaka kunijadili, nijadilini. Nitajitetea kwa furaha. Kipeperushi cha saa za maktaba nimekiandika upya. Shangazi amekisoma hadi mwisho, akaomba nakala ya kumpelekea dada yake Damanhur.

Shangazi anakusalimu na amekutumia biskuti ndani ya soksi, usizivae. Mama Lutfi anawasalimu nyote watatu, hasa asiye na mchumba. Bi Dawlat yuko studio. Anawasalimu kwa kujidai. Ombeni likizo sasa hivi, mapema, kwa maandishi. Kikao kijacho ni siku ya kwanza ya Ramadhani, mara tu baada ya futari, paani kwetu. Televisheni itapandishwa na wajumbe wenye nguvu. Atakayezungumza wakati Bi Dawlat yuko kwenye kioo atatolewa nje bila kupigiwa kura.

Dada yenu katika mapambano,
Ragaa