Koneksheni Hamsini na Ndoo Tupu

Jumatatu, 7 Oktoba. Korogwe.
Seva imewaka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kama kawaida. Nasema seva, ni kompyuta iliyo chini ya dawati kwenye ofisi ya mabasi. Nimeiandikia SEVA kwa maka peni ili mfagiaji asiichomoe. Inatunza tiketi za vituo vyote vitatu: Korogwe, Mombo, Handeni. Niliishia kidato cha pili, ila wenye digrii wangekuwepo hapa wangenibebea begi.

Kila tiketi ikikatwa, kituo kinafungua koneksheni, njia ya kuingilia databesi, daftari la tiketi zote. Kufungua kunachelewesha. Dawa yake, zifunguliwe mapema, zikae tayari, makarani na mawakala wa simu wazitumie kwa zamu. Wanaliita bwawa. Wengine wangeweka tano. Mimi hamsini kila kituo. Mwanaume haweki tano.

Watu wanalia hawana koneksheni. Mimi ninazo mia na hamsini.

Jumanne, 8.
Mombo wanasifu. Tiketi inatoka kabla abiria hajamaliza kulipa hindi la kuchoma. Nimetembea kifua mbele siku nzima.

Jumatano, 9.
Mbaya. Dada Zaina, karani wa Handeni, mtoto wa mama mkubwa, ndiye aliyeniombea kazi hii. Asubuhi databesi ikamjibu: nafasi zimejaa. Akakata tiketi kwa mkono, bila kuona siti zilizouzwa na wengine. Siti 14 ikapata wenyewe wawili, mama mwenye kuku na mzee wa Kimasai. Hakuna aliyeinuka. Kuku naye hakuinuka.

Meneja, Mzee Shekiondo, kampigia Zaina simu kutoka ofisini Korogwe, kamlaumu. Jumamosi ikijirudia, aende nyumbani. Na Jumatatu ni sikukuu, Jumamosi stendi itafurika.

Nilikuwepo. Nikajifanya nakagua nyaya.

Databesi inapokea koneksheni mia tu. Korogwe huamka wa kwanza, hamsini. Mombo, hamsini. Handeni hufungua mwisho, na leo ndiyo siku yao ya kwanza ya kazi tangu nibadilishe. Sifuri. Hesabu ya darasa la pili, nimeifanya leo.

Alhamisi, 10.
Nimepandisha kikomo cha databesi hadi mia tano. Bwawa la kila kituo mia na hamsini. Saa nne feni ikalia kama mashine ya kusaga, kompyuta ikagoma. Vituo vyote gizani. Nikarudisha kama jana, Zaina akarudi kukata kwa mkono.

Sili. Sikai. Zaina kanitumia ujumbe: "Mdogo wangu, si wewe mtaalamu? Nisaidie." Bora angenitukana.

Ijumaa, 11. Handeni.
Jana jioni nilikuja kwetu, alfajiri mama kanituma bombani. Maji yametoka baada ya siku tatu. Foleni ya ndoo kama arobaini, watu sita. Wenyewe wameziacha zishike nafasi, wako sokoni. Nami nikaacha yangu, nikaenda kunywa chai. Kurudi, Mama Hadija, msimamizi wa bomba, keshaitupa pembeni.

"Mtaalamu, ndoo yako ndiyo ina kiu? Mwenye kiu asimame."

Watu wakacheka. Mimi nikabaki naziangalia zile ndoo. Koneksheni zangu zile. Ndoo tupu, zimeshika nafasi, na Zaina nyuma na kiu yake.

Nikapanda basi la saa tatu kurudi Korogwe. Bwawa la kila kituo: sita. Inayokaa dakika nzima bila kazi, itupwe pembeni.

Kisha nikamwendea Mzee Shekiondo. Shikamoo. Nikasema siti 14 ni kosa langu, namba kubwa niliiweka mimi, kwa sifa tu, leo nimeipunguza.

"Kumbe na kidogo unakijua," akasema. Tukakubaliana, kesho ikigoma, naondoka mimi, si Zaina.

Jumamosi, 12. Korogwe.
Stendi imejaa toka alfajiri. Macho kwenye kioo cha kompyuta, kwenye koneksheni zinazotumika. Korogwe tatu. Mombo nne. Handeni sita, bwawa limekwisha. Wakala mmoja akasubiri. Nikahesabu moja, mbili. Koneksheni ikaachiwa, akaipata yeye.

Mpaka jioni hakuna siti ya watu wawili.

Jumapili, 13. Handeni.
Nimeangalia rekodi za jana kwenye simu. Palipobana kuliko pote, koneksheni zilizofanya kazi kwa pamoja ni kumi na tatu. Kumi na tatu tu, stendi nzima ikiwa imefurika.

Zaina kapita kumsalimia mama. Habari ya siti 14 hakuigusa. Kanimenyea chungwa, kakaa kidogo, kaaga, kaenda.

Jioni maji yametoka tena. Mama Hadija kaniona, kaendelea kupanga foleni. Nimesimama na ndoo yangu mkononi mpaka zamu ikafika.