Halua kwa Jina la Mama

Jumatatu, 3 Februari 2025
Binti yangu Nusaiba karudi sokoni Wete na kopo la halua. Lebo imeandikwa Halua ya Bi Kazija. Jina la marehemu mama! Halua hiyo naipika mimi peke yangu, na hii sikuipika. Nikaonja — inanuka moshi, sukari inasaga meno. Nani huyu? Na Shaabani hii, harusi kila wiki.

Jumanne, 4 Februari
Mwenye harusi ya Ijumaa kapiga simu. Halua yangu haitaki tena, kaonja ile mbovu kwa jirani, kadhani ni yangu. Nimelia jikoni. Nitashitaki. Lakini wapi?

Jumatano, 5 Februari
Mjini Chake kutwa nzima. Ofisi ya biashara: kama ni mbovu, nenda ofisi ya viwango. Viwango: nani kaumwa tumbo? Hakuna. Basi si kwetu, hilo ni la jina. Usajili wa majina — bibi mmoja mpole katafuta kwenye kompyuta, jina halimo. Kwani nani Wete asiyejua Bi Kazija ni mama yangu? Eti kompyuta haijui. Sasa mimi ni mwizi au mwibiwa? Kichwa kinaniuma. Na wote wamemalizia neno moja: ungeanza kwa sheha wako.

Alhamisi, 6 Februari
Sheha wangu, mkubwa wa shehia yetu, Mzee Silima, anakaa mtaa wa pili tu! Kanikaribisha, kachukua karatasi na kalamu. Sijaanza kueleza, mkewe Bi Khairiya kaleta kahawa. Na halua. Kopo lina jina la mama, lebo ile ile.

Nikamega. Mgeni hakatai. Moshi ule ule.

Bi Khairiya akakaa ubavuni kwangu, kafurahi kweli. Kaanza kupika mwezi uliopita, alitaka mwenyewe nije nionje.

"Mama yako ndiye alonfunza, mwanangu. Ningetia jina langu, ningekuwa nimemwibia."

Hasira yote imekwenda wapi? Haikwenda, ipo, ila sijui niielekeze kwa nani.

Mzee Silima akaweka kalamu kwenye karatasi. "Haya, tuandike. Unamlalamikia nani?"

Nikasema nimesahau kitambulisho nyumbani, narudi sasa hivi. Kitambulisho kimo mkobani. Nimekaa kitandani, naandika.

Simu inaita — Bi Khairiya. Anasema nisichelewe, kaniwekea makopo mengine niwapelekee wenye harusi.