Mjomba wa Panki na Metali

Jumatatu, 2 Juni

Karoti tangu umande. Zimetoka nyembamba mwaka huu, ila tamu. Binti yangu Felista kazioshea mtoni, waya za simu masikioni, kichwa kinakwenda mbele nyuma kama kuku anayekunywa maji. Nimemwita hadi sauti imekauka. Hasikii. Muziki wake wa roki huo.

Tulipokaa kufunga mafungu ndipo kanitolea habari. Redio ya mjini inafanya mdahalo, Jumamosi ya wiki ijayo, mbele ya watu na hewani pia. Hoja yenyewe: bendi zipi za zamani za roki ndizo zilizozaa panki na metali. Wasemaji wawili tu. Yeye, na Idrisa wa Mwembesongo, yule fundi spika. Atakayeshinda anapewa kipindi, kila Alhamisi jioni. Kazi kabisa.

Panki nilijua ni mtindo wa nywele. Kumbe ni muziki wa haraka wa watu wenye hasira. Metali nayo muziki, mzito. Mimi vyote nasikia kelele.

Naogopa. Huyu mtoto kanisani anapiga gitaa la kwaya akiwa nyuma ya nguzo. Kipaza sauti hajawahi kukishika.

Jumanne, 3 Juni

Kaka Deo kapiga simu kutoka Gairo. Duka lake la mahindi na karanga limemzidi, anataka mtu wa nyumbani wa kukaa kwenye mizani. Anamtaka Felista.

Nikamweleza habari ya mdahalo. Kasema akishinda abaki na redio yake, asiposhinda Jumatatu inayofuata anapanda naye basi la Gairo. Na atakuja mwenyewe kusikiliza, asije akadanganywa.

Nikasema sawa kaka. Felista naye kasema sawa mjomba. Angesema nini? Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Baba yake angekuwa hai angesema sawa vilevile.

Ila mimi kila siku ni sawa kaka, sawa kaka. Tangu utoto.

Alhamisi, 5 Juni

Idrisa kapanda huku Luhungo kwa miguu ili wagombane. Wenyewe wanaita mazoezi. Fulana nyeusi ina mafuvu, viatu vya buti, jua hili! Kafika analowa jasho, kapiga shikamoo mpaka kwa mbuzi. Mtoto mzuri. Mama yake anauza vitumbua, namjua.

Wamekaa chini ya paa la jikoni wanabishana, mimi nachambua maharage. Majina ya hizo bendi ni ya Kizungu, kuyaandika siwezi. Nitayaita ninavyosikia.

Wakubwa, hao wa Idrisa. Dunia nzima inawajua. Anasema wao ndio baba wa vyote.

Wazito, hao wa Felista. Walikulia mji wa viwanda huko Uingereza, gitaa lao linaburuta kama gogo linavyoburutwa mlimani. Anasema metali imetoka hapo.

Wachafu, hao nao wa Felista. Wa Marekani. Hawakujua kupiga vizuri, mwimbaji anagaragara chini. Anasema panki imetoka hapo.

Idrisa kamcheka. "Dada, yaani watu waliouza kaseti kiduchu ndio wazazi? Mzazi anajulikana bwana. Mkubwa ndiye baba." Felista kamjibu, "Basi tembo ni baba wa mbuzi wetu." Wamecheka wote wawili. Lakini nimemwona mwanangu. Kicheko hakikufika machoni.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Kwaya wamevaa nyekundu, wamependeza. Felista kapiga gitaa, kidole hakikukosea hata mara moja. Nilipanua mabega kama mimi ndiye niliyepiga.

Baada ya misa mama mmoja wa jumuiya kanivuta pembeni. Mama Felista, ni kweli binti yako anakwenda kutangaza nyimbo za shetani redioni? Nikamwambia njoo Jumamosi, ukimwona shetani mpe salamu zangu.

Sijui nimetoa wapi ule mdomo.

Jumatano, 11 Juni

Felista hajala. Jana pia kaonja tu. Anapita kati ya matuta ya liki, vile vitunguu vya majani, anaongea peke yake, mkono juu, mkono chini. Mahali anapokwama ni palepale. Wakubwa ni wakubwa. Kila mtu aliwasikia, kila mtu aliiga kwao. Atawavuaje ubaba?

Nikamwuliza, bila nia yoyote, kumfanya aongee tu: hao watoto lakini, walilelewa kwa nani? Maana wewe unahangaika na baba. Baba si anajulikana kwa kutajwa tu. Kwetu tunauliza mama yako nani, ulikulia ua upi, unaitika ukoo upi.

Kanitazama. Kakaa chini kwenye tuta, juu ya liki zangu! Nimempigia kelele. Hasikii, na leo hana hata waya masikioni.

Jioni kala sahani mbili za ugali.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefua nguo ya Felista, nimeipiga pasi, nimeirudia. Kaka Deo kafika na basi la mchana, analalamikia magoti. Nimempikia kuku. Kamwambia Felista, "Begi umeshalipanga?" Utani, lakini na ukweli ndani yake. Felista kasema liko tayari, mjomba. Na kweli kalipanga. Nimeliona mlangoni, nikaenda kukoroga mboga isiyotaka kukorogwa.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike yote kabla sijasahau.

Ukumbi umejaa. Sikujua Morogoro ina vijana wengi hivi wa kuvaa nyeusi. Minyororo kiunoni, nywele zimesimama, na wote wakatuamkia. Mmoja mwenye pete puani kampisha kaka Deo kiti. Shikamoo mzee, kaa hapa. Kaka Deo kakaa na kofia yake magotini, anatazama ile pete.

Idrisa kaanza. Anajua kusema, tusimnyime. Kaeleza Wakubwa walivyovuma, walivyojaza viwanja, walivyopandisha sauti ya ngoma na gitaa mpaka vijana wa mitaani wakasema na sisi tunataka. Akamalizia, "Wanangu, ukibisha hilo basi umeokotwa!" Wakapiga miluzi. Nikaona basi, Gairo hiyo.

Felista kasimama. Kipaza sauti kikapiga mluzi, watu wakacheka. Niliomba Salamu Maria, nikasahau katikati, nikaanza tena.

Kisha kaamkia ukumbi. Shikamooni wakubwa, mambo vipi wadogo. Kasema Idrisa anatafuta baba, na yeye hana ugomvi naye, baba apewe heshima yake. "Lakini mimi natoka huko juu milimani. Kwetu mtoto hatumhesabu kwa baba. Tunamhesabu kwa ua alikolelewa."

Halafu akachukua gitaa. Akapiga kipande cha Wazito, polepole, kile cha kuburuta gogo. Akapiga na cha metali ya siku hizi. Jamani hata mimi nimesikia! Mwendo uleule, uso uleule, mtoto kafanana na mama. Akapiga Wachafu, kisha panki. Hivyohivyo. Kasema waliouza kidogo wanaweza kulea sana. Kila aliyewasikia alirudi nyumbani akaanzisha bendi yake.

Kisha kasema hao mama wawili ni dada. Wote walinyonya kwa bibi mmoja, yule wa gitaa la huzuni la watu weusi wa Marekani. Sasa watoto wa mama mkubwa na mama mdogo ni nini? Ukumbi ukaitika, ndugu! "Basi panki na metali ni ndugu wa ukoo mmoja. Miaka yote mnagombana humu ndani, mnagombana na ndugu zenu."

Mmoja nyuma akapaza sauti, "Na mjomba wao nani?" Kwa kejeli. Watu wakaangua kicheko.

Felista hakucheka. Kasema yupo. Kuna bendi moja, mwimbaji ana sauti ya changarawe. Haraka yake ya panki, uzito wake wa metali. Wenye hasira wanamkubali, wenye nywele ndefu wanamkubali. Hakuzaa upande wowote, lakini pande zote zikigombana zinakaa kwake. "Huyo ndiye mjomba."

Wale wa nyeusi walisimama. Sijawahi kuona. Wanaijua hiyo bendi, wanaitaja jina kwa kelele kama goli limeingia.

Na kaka Deo kanyoosha mkono. Mungu wangu. Nilimshika shati, katoka nalo. Kasogezewa kipaza sauti. "Mimi nauliza. Huyo mjomba wao, walimpa heshima yake?"

Felista kasema, "Alipokufa walikuja wote, mjomba. Msiba mmoja. Waliokuwa hawaamkiani walikaa pamoja."

Kaka Deo kaitikia kwa kichwa. Karudi kukaa. Kofia kaikunja mpaka haina umbo.

Wakapiga kura kwa mikono. Idrisa kashinda. Kidogo tu, mtangazaji kahesabu akarudia. Wakubwa wana watu wengi, ndivyo ilivyo.

Felista kampa Idrisa mkono. Kashuka jukwaani kichwa juu. Sikulia pale. Mtu asije akadhani nalia kushindwa. Mwanangu kasimama mbele ya ukumbi mzima akawapa watu wa ng'ambo ukoo, na wakaitika. Nimezaa.

Jumapili, 15 Juni

Begi mlangoni. Kaka Deo anakunywa chai, hasemi ya jana.

Kabla ya chakula cha mchana Idrisa huyo, anahema, fulana ileile. Hataki kukaa. Kasema kipindi kapewa, lakini kalala anakifikiria, kaona hakuna kipindi. "Mjomba, saa nzima nitabishana na nani? Nikisema Wakubwa ndio baba, nani atanirudi? Nitakuwa naongea na ukuta. Nimewaambia wa redio, wamesema tuwe wawili, sawasawa. Naomba mnipe Felista." Akashtuka mwenyewe. "Wa kubishana naye! Siyo vingine!"

Felista kauma mdomo. Nilimwona anatamani kucheka na anaogopa.

Kaka Deo kasema tulikubaliana. Hakushinda. Neno ni neno.

Hapo ndipo mimi. Sijui nilianzaje. Nilikuwa nimeshika mwiko. Nilisema kaka, sitasema sawa. Neno ni neno, ni kweli, na mtoto kapanga begi, hakukataa. Lakini jana umemsikia. Watu wa pete puani walimsikia. Karanga za Gairo atapima yeyote. Hilo la jana ni nani mwingine wa ukoo wetu anaweza? Wewe ndiye mwenye neno. Basi lisikie na langu kwanza.

Nikaishiwa pumzi. Mwiko unadondosha mchuzi sakafuni.

Kaka Deo kanitazama kama ananiona leo. Kaweka kikombe. "Mtoto aliyenipa heshima mimi mjomba mpaka kwenye ukoo wa Wazungu, ndiyo nikamweke kwenye mizani ya karanga?" Kasema begi lirudi ndani. Kasema na huyu kijana wa mafuvu apewe chakula kabla hajaanguka.

Idrisa kala kama mwenye njaa ya siku nyingi.

Nilikwenda nyuma ya jiko. Huko nimelia.

Jumatatu, 16 Juni

Kaka Deo kaondoka peke yake. Kaniambia njiani, dada, kumbe unajua kusema. Nikamwambia nami nimejua jana.

Alhamisi, 26 Juni

Baridi. Ukungu umeshuka tangu saa tisa, shamba halionekani. Felista kateremka mjini mapema.

Huku redio haishiki vizuri. Nimehangaika nayo, mwishowe imekubali juu ya jiwe la kufulia, waya wake umeegemezwa kwenye mgomba. Nimejifunika khanga mbili, nikakaa hapo.

Sauti yake ilipotoka sikuijua. Ni ya mtu mzima. Kasalimia wasikilizaji, kawasalimia na wa milimani. Idrisa kamchokoza, kamrudi palepale, wakaanza. Kisha magitaa.

Huo muziki bado siupendi. Nimeusikiliza wote.