Mshindi wa Kwanza wa Haidro

Jumatatu, 9 Juni

Nanoa pangaboi tangu asubuhi. Kibaraza cha ghorofa ya tatu, Adelphi, nje kidogo ya Washington, unga wa shaba umeingia hadi kwenye chai. Mashindano ya haidro nimeshinda mara tisa. Hakuna mtu kule ziwani anayenikaribia.

Haya, mara nne. Nani ananisoma humu?

Wiki tatu zimebaki. Goti bovu. Binti yangu Wanjiku ameenda zamu hospitalini, ameniachia uji na kikaratasi: nisiguse chuma kabla ya kula. Nimegusa.

Jumatano, 11 Juni

Mkutano wa kamati, chini ya kanisa, Riverdale Park. Viti vya plastiki, mandazi ya jana.

Mwenyekiti mpya hajui hata haidro ni nini. Nikamweleza kama mtoto: ni kimashua cha rimoti, urefu wa mkono, kikikimbia kinagusa maji kwa viatu viwili vya mbele na nusu ya pangaboi basi. Kilichobaki kiko hewani. Ndiyo maana kinapinduka. Akaandika. Mwenyekiti wa haidro anaandika haidro ni nini!

Kisha likaja lenyewe. Mwaka huu ni mara ya kumi na sita. Wameamua historia ya mashindano iandikwe, isomwe siku yenyewe pale ziwani Gaithersburg. Na kombe jipya lichongwe jina la mshindi wa kwanza. Libaki hivyo hata sisi sote tukifa.

“Nani alishinda ile ya kwanza?” Mwenyekiti anauliza.

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

Papa Fidèle akakohoa. Huyu ni fundi cherehani kutoka Bukavu, na ni adui yangu. Sina mwingine, wengine wote wamekufa au wamehamia Texas. “Minakuambia, muzee, siku ile kuko kitu ilifanyika. Mazoezi yote mi nilikuwa mbele.”

“Mazoezi hayana kombe, Papa.”

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe, kwamba ile mashua yake ya kwanza aliitupa. Ilikuwa nzito. Aliiweka kwenye takataka wiki ileile. Marehemu mkewe, Mama Béa, ndiye aliyeipaka rangi.

Nilikula mandazi mawili. Magumu kama tofali.

Kazi ya kuandika historia wamempa Bi Odessa.

Jumamosi, 14 Juni

Bi Odessa amekuja. Mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Washington kabisa, Mmarekani mweusi, Kiswahili alijifunza darasa la jioni. Anakiongea kimepigwa pasi. “Shikamoo, Mzee Zakayo.” Nimempita miaka miwili tu lakini ananiamkia kama nimefukuliwa.

Nimempa historia. Nimempa na chumvi.

Mwaka wa bata bukini, walipokalia mstari wa kumalizia na hakuna aliyethubutu kuwafukuza kwa sababu mlinzi wa bustani alisema wana haki. Mwaka mashua ya Kamau ilipopaa, ikatua kwenye sufuria ya pilau, na Mama Neema akatoa hukumu kwamba hiyo ni ya jikoni sasa. Mwaka wa korona, tulipokuwa wawili tu, mimi na Fidèle, barakoa usoni, yeye ng’ambo ile ya ziwa mimi hii. Hakuna shahidi. Kila mmoja alishinda.

Amecheka kote. Kisha, kalamu mkononi: “Na mashindano ya kwanza yalianza vipi, Mzee?”

Nikasema yalianza vizuri.

Hakuandika.

Jumanne, 17 Juni

Vita kwenye simu, kundi la kamati. Fidèle ametuma picha ya kobe, akaandika jina langu chini. Nikamtumia picha ya cherehani iliyokufa. Akatuma ujumbe wa sauti dakika nne, nusu Kifaransa, nimesikia neno mwizi mara mbili. Nikamwambia mwizi ni yeye, ameiba dakika zangu nne.

Mwenyekiti ameomba tupendane.

Wanjiku amesoma yote kabla ya kwenda kazini. “Baba, usi-start tena na Papa Fidèle. Ako peke yake.”

Na mimi je? Mimi niko na nani, mikrowevu?

Simpendi Fidèle. Simpendi anavyonusa betri kabla ya kuzifunga. Simpendi anavyosema bateau kama mashua si neno zuri. Jina lake likichongwa kwenye kombe lile nitalitemea mate.

Alhamisi, 19 Juni

Mvua. Niandike basi, maana kichwani limechacha.

Haidro haiondoki ikiwa imesimama. Mashua zinazungukazunguka, saa kubwa inahesabu kurudi nyuma kutoka dakika tano. Ikigonga sifuri ndipo uvuke mstari. Ukiwahi, umetolewa. Ukichelewa, umeachwa. Mchezo wote ni kuiangalia saa.

Siku ile ya kwanza tulikuwa na mashua nne. Saa tuliiazima ukumbi wa kanisa. Tumeiwasha, zimebaki kama dakika mbili, mchungaji ndiye anafika. Alikuwa ametafuta maegesho. Anapanguza jasho, anainua mikono: “Kabla ya yote, tuombe.”

Nani atamwambia mchungaji angoje? Na nani atakumbuka kusimamisha saa, wakati mikono yote imekunjwa? Macho yakafungwa. Yote. Mwamuzi, wapishi, Fidèle na rimoti yake kifuani. Mashua zao zikatulia majini.

Na mchungaji yule haombi kwa kifupi. Alianza na safari ya waliotoka nyumbani. Akaja kwa wagonjwa. Akaingia kwa rais.

Nikafungua jicho moja. Sekunde saba.

Sifuri ilipogonga mashua yangu ilivuka mstari sawasawa. Sawasawa kabisa! Mota inavuma tu kama nyuki, na akina mama walikuwa wanaitikia maombi kwa sauti. Amina ilipokuja nilikuwa nimemaliza nusu mzunguko. Nikapiga kelele: “Saa imefika, mnangoja nini?” Wakarukia rimoti zao, macho yote kwenye saa, hakuna aliyetazama mimi niko wapi. Sikushikika.

Baadaye nikasema niliondoka kwenye Amina, kama wao. Kwamba mashua yangu ni risasi, zao ni mizigo. Nilisema kwa sauti, nikila mbavu.

Kwa saa, nilikuwa halali. Hilo halinisumbui hata kidogo.

Ni ile ya kusema zao ni mizigo. Fidèle aliamini. Alienda nyumbani akatupa mashua nzuri.

Nilijua tangu lini kwamba aliitupa? Tangu Jumatano ile ya mkutano. Kabla ya hapo nilikuwa na raha zangu.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya ibada Bi Odessa amenivuta pembeni, karibu na birika la chai. Ametoa daftari kuukuu, lile la darasa lake la jioni. Siku ile ya kwanza alikuwa mgeni, hajui watu, anajifunza. Mchungaji alipoanza kuomba yeye alikuwa akinakili maneno, mstari kwa mstari. Neema, rehema, wasafiri, uponyaji. Na katikati, kwa mwandiko wa mtoto wa shule:

Watu wote wanafumba macho. Mashua nyekundu inaondoka.

Yangu ilikuwa nyekundu.

Miaka yote hii! Amekula pilau nami, ameniamkia shikamoo, na hilo liko mfukoni mwake.

“Nani anafungua macho wakati wa maombi?” nikamwambia.

“Tulikuwa wawili, Mzee.”

Nikamwita mpelelezi. Akasema ni sawa. Nikamwambia Kiswahili chake kina harufu ya chaki. Akasema ahsante. Kisha: “Mimi nitaandika utakachoniambia wewe. Lakini niambie kabla ya Ijumaa.”

Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 23 Juni

Nimemchukia yule mwanamke tangu uji wa asubuhi. Kufikia saa kumi jioni nimechoka. Chuki ya siku nzima ni kazi ya vijana.

Ijumaa, 27 Juni

Bi Odessa amepiga simu. Sikushika. Amepiga tena. Nikamwambia andika ulichoona, wewe si una daftari. Nikakata.

Sijasema kwamba ni kweli. Nimesema aandike alichoona. Kuna tofauti.

Hakuna tofauti.

Jumamosi, 28 Juni

Joto la kuua. Wanjiku amenishusha pale ziwani akaenda zamu. Mashua kumi na moja, watu kama harusi, moshi wa nyama.

Nilitaka kungoja historia isomwe, Fidèle ajue hapo, kati ya watu, awe na watu wa kumshika. Kisha nikaona huo ni woga wangu nimeuvisha suti. Nikamfuata ukingoni alipokuwa anafunga betri. Anazinusa.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yametoka haya: “Mashua yako haikuwa nzito, mjinga wewe. Uliitupa bure. Mimi niliondoka mkiwa mmefumba macho.”

Hakuinua kichwa. Akafunga skrubu ya kwanza. Ya pili.

“Wakati wa maombi?”

“Wakati wa rais.”

Bata mmoja akapita kati yetu kama karani.

“Béa aliniambia,” akasema. “Aliniambia, Fidèle, ile kitu haina uzito, usiitupe. Nikamwambia mwanamuke hajui bateau.” Kisha akaniangalia. Miaka kumi na mitano tumetukanana, sijawahi kuangaliwa vile. “Toka mbele yangu, muzee.”

Nikatoka.

Bi Odessa alisoma. Alisoma vizuri, mbwa yule. Bata, pilau, korona, watu wanajipiga mapaja. Alipofika kwenye maombi na mashua nyekundu hapakuwa na kicheko. Kamau akasema halafu mtu huyu anapewa sakramenti. Mama Neema akaninyang’anya sahani, ilikuwa bado na nyama. Mchungaji, sasa ana mkongojo, aliuliza kama kweli aliombea rais. Kamati ikakaa papo hapo kuamua jina la kombe. Mmoja anasema saa ni saa, Zakayo ni halali. Wa pili anasema halali wapi. Wamebishana hadi barafu ya soda ikaisha. Wameahirisha. Kombe bado uchi.

Kwenye mbio nilikuwa wa nane.

Fidèle aliongoza. Aliendesha kama anataka kuvunja kitu. Mzunguko wa mwisho, upepo ukaingia chini, mashua ikasimama wima, ikapaa, ikaanguka chali kwenye matete ng’ambo, penye tope. Kila mtu akasema ooh. Hakuna aliyesogea. Viatu vyao vipya.

Nikaingia. Hadi kiunoni. Goti likaniita majina. Kiatu cha kushoto kimebaki kule, hakirudi.

“Toka kwa maji!” Fidèle ukingoni anafoka. “Ukikufa humo, binti yako nitamuambia nini?”

“Mwambie nilikuwa mzito!”

Hakucheka. Lakini alishika mkono wangu nilipopanda, akaipokea na mashua, akaigeuza, akakagua chini. Haijapasuka. Akaenda nayo kwenye gari. Hakusema ahsante.

Jumatatu, 30 Juni

Goti limevimba. Barafu juu yake, mfuko wa njegere za friza. Wanjiku hajaniuliza kitu, amenipikia githeri tu, ina viazi vingi.

Simu ya kundi iko kimya. Hakuna kobe.

Nimekaa kibarazani bila kunoa chochote. Magari ya University Boulevard. Nywele zimefika masikioni, nafanana na mtume aliyefukuzwa. Kinyozi yuko Riverdale Park, hatua chache kutoka kwa Fidèle, na Wanjiku yuko zamu hadi Alhamisi.

Nimemwandikia kwenye simu, si kwa kundi: Fidèle. Mashua yako niliitoa kwenye tope kwa kiatu changu. Hilo huwezi kulikana, watu walikuwa wamefungua macho. Jumatano pitia hapa na gari, unipeleke kinyozi. Si lazima tuongee njiani.