Saini Niliyokusingizia

Shamba la Tveit,
Nordfjell, North Dakota,
17 Novemba 2024.

Mpendwa Kaka Lowell,

Pokea salamu zangu huko Arizona. Goti lako linaendeleaje tangu upasuaji? Na shemeji Bernadine, kifua kimetulia? Sisi huku wazima. Theluji ya kwanza ilianguka Jumanne, na mke wangu Joyce ameshakaanga lefse, zile chapati zetu za viazi za sikukuu, mapema, kama kawaida yake.

Habari za kura nadhani umezisikia. Lile pendekezo la kufuta kodi za nyumba na mashamba limeanguka, jimbo zima. Bado wapo wanaonipongeza dukani, maana nilipokuwa mwenyekiti wa bodi ya shule mimi ndiye niliyezunguka kulipinga. Kila anayenishika mkono ananiongezea aibu. Naomba usome hadi mwisho kabla hujanipigia simu.

Unakumbuka ulivyokuja Mei kumzika mama. Wiki ile ile ilifika barua ya kodi ya shamba, imepanda tena. Nilikuwa na majonzi na hasira. Mpwa wa Darlene Wutzke alikuwa amesimama pale kwenye maghala ya nafaka akikusanya saini za kulipeleka pendekezo kwenye kura. Nikatia saini. Nikaandika "L. Tveit" na anwani ya shamba, nikaondoka, nikasahau.

Kiangazi nikatulia, nikaanza kufikiri. Kodi ile ndiyo inayolipa walimu wetu, greda la kuondoa theluji na lile gari la wagonjwa lililomchukua mama mara mbili. Ikifutwa, tungebaki kuwaombaomba wakubwa wa serikali ya jimbo kule Bismarck, na sisi ni wachache, nani angetusikia? Hilo nililiamini kwa dhati, na bado naliamini.

Oktoba tukafanya mkutano katika ukumbi wa michezo wa shule. Nilizungumza vizuri, Kaka. Kisha Darlene akasimama. Unamjua, mjane wa Gus. Kodi inambana kweli yule mama, ameshauza ng'ombe wote. Mkononi alikuwa na nakala ya karatasi za saini.

"Leland, mwanangu," akasema, "mbona jina lako nimelikuta kwenye karatasi zetu? Au kuna L. Tveit mwingine hapo shambani?"

Nami nikajibu, bila hata kumeza mate: "Huyo ni Lowell. Alikuja kwenye mazishi."

Watu wakacheka. Nyuma yangu mmoja akasema, "Si ndiye huyo! Katukimbia miaka thelathini, anarudi siku nne tu, tayari anataka kutufungia shule!" Mwingine akadakia kwamba asiye mkazi kutia saini ni kosa la jinai, bora ashitakiwe. Walikudhania mabaya upesi sana, Kaka, kwa sababu wewe ndiye uliyeondoka. Na mimi nilijua wangeamini. Ndiyo maana nilikuchagua.

Nilirudi nyumbani nikashindwa kumtazama Joyce. Alikuwepo ukumbini, na anajua siku nne zile hukutoka nje ya shamba isipokuwa kwenda kanisani. Alinipakulia chakula akaenda kukaa chumba kingine.

Nilikaa na jambo hilo siku tisa. Siku ya kumi ilikuwa karamu ya lutefisk kanisani, yule samaki wetu wa magadi, na kura ilikuwa bado. Watu walipoketi nikasimama nikawaambia saini ni yangu, Lowell hakugusa kalamu, na nilidanganya mbele yao wote. Mtu akaniuliza kwa sauti, "Sasa tukuamini lipi?" Watu wa meza mbili wakainuka wakaondoka. Nilijiuzulu bodi usiku huo huo.

Nilimfuata Darlene jikoni kumwomba radhi. Alikuwa anaosha masufuria.

"Nilijua tangu siku ile," akasema bila kugeuka. "Nilitaka nione utakaa nalo mpaka lini. Na kaka yako umemwambia?"

"Bado."

"Basi umeungama kwa watu wasiokudai kitu."

Hata baada ya hapo zimepita wiki tatu kabla sijashika kalamu. Nilingoja kura ipite, nikajiambia kwamba nina shughuli. Sikuwa na shughuli yoyote, Kaka. Nilikuwa naogopa tu.

Nisalimie Bernadine, na mwanenu Curtis na watoto wake. Joyce anakusalimu, na shangazi Verna pia. Yeye ndiye pekee aliyesema waziwazi tangu mwanzo kwamba Lowell hawezi kufanya vile, na mimi nilikuwa nimeketi kando yake, kimya.

Mungu akulinde na akupe mwili wenye nguvu. Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Kama una hasira, niandikie hiyo hiyo hasira, nitaisoma.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na niliyekukosea,

Leland